Watoro wa Lihumbila

Kila asubuhi, kabla ukungu haujanyanyuka juu ya bwawa, Leodegari Mgimba alivaa tai ya shule, akafunga kifungo cha juu cha shati, ndipo alipoiuliza mashine hali. Hakuwahi kuiuliza akiwa na ndala miguuni. Alikuwa amevuka sabini, na hapakuwa na mwalimu wa zamu aliyebaki duniani wa kumkagua; lakini mtu aliyelelewa Lihumbila hangoji kukaguliwa. Hujikagua mwenyewe.

"Mhifadhi," alisema, visigino vimekutana. "Toa ripoti."

Mashine ilijibu kwa sauti kavu ya mvulana wa kidato cha tatu, sauti ambayo yeye mwenyewe aliichagua.

"Lihumbila, asubuhi, paredi imesimama. Waliopo: mabweni yote, madarasa yote, uwanja na ukuta wake. Wagonjwa: kengele ya reli, imebadilika mlio, mkaratusi wa nyuma ya maabara, umerefuka tangu jana. Wa ruhusa: ngazi za maktaba, zangoja muhuri. Watoro: shoka, sufuria kubwa, kigoda, moshi, Anyosisye Mwakalobo. Mwisho wa ripoti."

Leodegari alitikisa kichwa kwa ridhaa, kama fundi anayesikia saa aliyoitengeneza ikigonga sawasawa.

Chini ya ukumbi wa chama cha wazee wa shule, alimosimama, kwenye vina vya maji, zililala kuta za kweli za shule. Serikali ilipohitaji umeme, bonde la Lihumbila lilifurika, na wazee waliosoma pale hawakulia hadharani. Walichanga. Kila mmoja alivaa taji, ile pete ya shaba inayokaa juu ya masikio, akaketi akakumbuka; na alichokikumbuka kikasimama mahali ambapo wenzake wangeweza kukiingia na kukigusa. Mmoja alileta harufu ya chaki iliyolowa. Mwingine alileta mlango wa bweni uliokwama wakati wa masika. Wawili wakagombana juu ya rangi ya milango ya maabara, na Mhifadhi ikayashika matoleo yote mawili bila kupendelea, hadi mlinzi aliposikiliza mashahidi na kuamua. Toleo lililokubaliwa lilipigwa muhuri. Kilichopigwa muhuri hakifutiki, na hakuna mkono wa mtu uwezao kukitoa.

Mlinzi huyo, mwenye ufunguo wa muhuri, alikuwa Leodegari. Na kama kulikuwa na kazi moja katika maisha yake aliyoionea fahari kuliko kuwa kiranja mkuu, ilikuwa ni ile ripoti. Mwanzoni Mhifadhi ilitoa hali yake kwa lugha ya karani wa stoo: vilivyobadilika, vilivyoandaliwa, visivyosajiliwa, mstari juu ya mstari, mirefu kama treni ya mizigo. Wazee walisinzia. Lakini chombo kile kilimruhusu mlinzi kukipangia namna ya kusema: kionyeshe nini kwanza, kifupishe nini, kipake rangi gani, kiite kila fungu kwa jina lipi. Leodegari aliketi masika nzima akaifundisha mashine lugha ya paredi. Kilichotulia akakiita aliyepo. Kilichobadilika, mgonjwa. Kinachongoja muhuri, wa ruhusa. Na kisichosajiliwa, ambacho hakuna mwanafunzi aliyekidai kuwa kumbukumbu yake, akakiita mtoro. Siku ripoti ile iliposomwa kwa mara ya kwanza, jenerali mmoja mstaafu alitoa leso, akajisingizia mafua.

Asubuhi hiyo jubilei ya shule ilikuwa keshokutwa. Leodegari alivaa taji, akaenda kuwakagua watoro.

Vumbi jekundu lilimpokea, na harufu ya sabuni ya mche kutoka kambani kulikoanikwa kaptula. Alipita kwenye njia ya mawe yaliyopakwa chokaa, akasimama mbele ya jiko. Jiko la Lihumbila lilikuwa na kuta, mlango na dirisha, basi. Ndani halikuwa na ndani. Mvulana aliyekanyaga jikoni alifukuzwa shule, na kwa hiyo katika mamia ya wazee waliochangia kumbukumbu, hakuna aliyewahi kuliona upande wa pili wa lile dirisha. Walichokijua ni mikono: mikono miwili iliyotokeza gizani, ikaweka ugali kwenye sahani, ikarudi gizani. Mikono hiyo ilikuwa na muhuri. Mwenye mikono hakuwa nao.

Leo moshi ulikuwa ukitoka pembeni mwa paa, na nyuma ya ukuta mtu alikuwa akipasua kuni.

"Hodi hapa," Leodegari aliita.

"Karibu, lakini ishia hapo hapo nje. Wavulana marufuku." Mwanamke mmoja alitokeza mlangoni akipangusa mikono kwenye kanga, akicheka. "Shikamoo, Bwana Mgimba."

"Marahaba, Bi Tumpe. Unaendeleaje?"

Tumpe Mwakalobo alikuwa mhandisi wa madaraja, naye amestaafu. Alizaliwa katika nyumba za watumishi nyuma ya jiko lile, binti pekee wa mpishi. Alikuwa na taji la mgeni, kama walilopewa wake za wazee: la kuingia na kutazama. Lakini taji halijui kutazama tu. Mgeni akikumbuka, alichokikumbuka husimama vilevile. Tofauti ni kwamba hakisajiliwi.

"Naendelea na baba," alijibu. "Leo nimempata namna anavyokaa. Anaketi kwenye kigoda, mguu mmoja kaunyosha. Goti lile lilimsumbua." Akageuka kutazama ndani, akashusha sauti kana kwamba mzee angemsikia. "Kaka, sisi wageni hatuoneshwi ile ripoti yenu. Hebu nifungulie. Nataka kuona baba anasomwaje."

Ombi hilo lilimpendeza Leodegari. Alifungua kiganja, na ripoti ikaandikika hewani kwa rangi alizozichagua: kijani kwa waliopo, njano kwa wagonjwa, buluu kwa wa ruhusa, nyekundu kwa watoro. Alingoja asifiwe.

Tumpe alisoma. Akarudia kusoma mstari mwekundu.

"Watoro?"

"Hilo ni neno la mpangilio tu, dada. Maana yake ni kisichosajiliwa. Mashine haina..."

"Mtoro namjua, kaka. Nimekulia hapa. Mtoro ni yule aliyeruka ukuta akaenda kunywa pombe ya komoni kijijini, akirudi anachapwa mbele ya wenzake. Mlikuwa mkipita hapo nyuma ya choo chetu, tunawaona." Sauti yake haikupanda, ilikauka. "Baba hakukosa kazi siku hata moja. Siku aliyofariki mama aliwapikia uji kwanza, mkanywa, ndipo akaja kuzika. Na wewe kila asubuhi unafunga tai yako, unasimama wima, unamwita mtoro."

Leodegari alifunga kiganja. "Paredi ina makundi manne," alisema taratibu. "Aliyepo, mgonjwa, mwenye ruhusa, mtoro. Sikuwa na kundi la tano."

"Na mpishi alisimama kundi gani?"

"Mpishi hakuwa kwenye paredi. Hakuhesabiwa."

"Haya. Umesema mwenyewe."

Tumpe aliketi kwenye ngazi ya mlango, akaikunja kanga magotini.

"Nikuulize kitu. Mara ile mlipopiga Muhuri Mkuu, nilirudi hapa wiki iliyofuata nikakuta jiko tupu. Nilidhani nimekosea kuvaa taji. Nini kilitokea?"

Leodegari alikumbuka vizuri sana. Muhuri Mkuu hufuatwa na kufagia: visivyosajiliwa vyote huondolewa, ili toleo jipya lianze likiwa safi. Naye, kwa kunogesha, aliipangia mashine iseme wakati huo: *Watoro wameadhibiwa.* Wazee walicheka hadi wakashikana mabega. Yeye ndiye aliyebonyeza.

"Alifagiwa," alisema.

"Nilimjenga upya. Lakini hakuwa yule yule. Yule wa kwanza alikuwa na wimbo wa kusongea ugali, beti zote. Huyu ananguruma tu, maneno yamenitoka. Wa kwanza nilijua ni kidole cha mkono gani kilichokatwa na shoka." Akaitazama mikono yake mwenyewe, mmoja na mwingine. "Daraja likianguka nalichora tena, hesabu zake ninazo. Baba sina hesabu zake. Nina kichwa hiki, nacho kinazeeka. Mkipiga muhuri keshokutwa mkamfagia, kaka, sitaweza mara ya tatu."

*

Mwenyekiti wa chama aliingia ukumbini saa nne, tumbo likimtangulia. Jaji mstaafu Ombeni Kyando aliitwa Njiti alipokuwa shuleni, na jina hilo walibaki wachache wenye haki ya kulitumia. Leodegari alikuwa mmoja wao, ila hakulitumia ovyo.

"Kiranja!"

"Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Waziri amethibitisha. Atakaa jukwaani na mkewe. Sasa nisikilize." Alivuta kiti, kiti kikalalamika. "Sitaki sufuria kwenye ripoti."

"Sufuria ipo."

"Ipo, nani kabisha? Nasema haina haja ya kutajwa. Jubilei ya shule kama hii, waziri kakaa, halafu sauti inatangaza watoro: shoka, moshi na mpishi! Watatuona wahuni. Nimeuliza watu wa mitambo, wameniambia kuna namna ya kuiambia hali isionyeshe visivyosajiliwa. Eti ni mstari mmoja."

"Ni mstari mmoja. Naujua."

"Basi uandike, tunywe chai."

Leodegari hakuketi. "Vitakuwa havionekani, lakini vitakuwepo. Na baada ya muhuri vitafagiwa."

"Ndiyo."

"Mbele ya watu ambao hawatajua kuna kilichofagiwa."

Kyando alivua miwani akaifuta kwa tai, dalili kwamba sasa anaongea kama jaji. "Leodegari, hebu tusidanganyane. Ibara ya tisa ya katiba yetu inasema kumbukumbu za Lihumbila ni za wana-Lihumbila. Nani aliiandika?"

"Mimi."

"Uliandika vizuri. Ukimfungulia mlango mpishi, kesho anakuja muuza maandazi, keshokutwa yule jambazi aliyetuibia mablanketi atataka naye akumbuke. Itakuwa shule ya nani? Halafu ushahidi wenyewe uko wapi? Ngazi za maktaba zimethibitishwa na bweni zima. Huyu mzee kathibitishwa na binti yake peke yake. Mtoto na baba yake! Mahakamani kwangu ningeutupa ushahidi huo nje kabla ya chai ya saa nne."

Hayo hayakuwa maneno ya mpumbavu, na Leodegari aliyapokea kwa uzito wake. Yeye mwenyewe aliwahi kuyasema. Aliiona shule iliyolegea, ambamo kila apitaye anaongeza analolipenda, na mwisho hapabaki mtu anayejua Lihumbila ya kweli ilikuwa ipi. Ibara ya tisa ilikuwa ukuta, na yeye alipenda ukuta.

"Tulikula kwa mikono yake miaka sita, Njiti," alisema.

"Na tulifua kwa maji ya mto. Nao tuusajili?"

"Mto umesajiliwa. Wewe ndiye uliyeuleta, na ile sehemu uliyopoteza kiatu."

Kyando alicheka bila kutaka. Kisha akainuka, akaweka mkono begani pa rafiki yake. "Mstari mmoja, Kiranja. Nimekuomba kama mwenzio. Nisije nikakuomba kama mwenyekiti."

Alipoondoka, Leodegari aliufungua mpangilio wa hali. Hakuwa ameutazama kwa miaka mingi. Chombo kikifanya kazi vizuri, nani hukifungua tumbo? Ulikuwa mfupi, msafi, kila amri imeelezwa kando yake kwa mwandiko wa mtu anayejiamini. Fungu la kwanza, waliopo. Fungu la pili. Fungu la tatu. Na chini kabisa: *chochote kilichobaki, kiite mtoro.*

*Chochote kilichobaki.* Alikaa na maneno yale. Mashine haikuwa na kosa. Yenyewe, kabla hajaifundisha adabu, ilikuwa ikisema tu kwamba kitu fulani hakijasajiliwa. Haikusema kimetoroka, haikusema kiadhibiwe. Dharau aliitia yeye, kwa mapenzi, akidhani anatia uzuri. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Alizipima njia zilizokuwepo. Ya kwanza ni kuuandika ule mstari na kuficha, lakini ripoti inayoficha aliyekosekana haina tofauti na ripoti ya kiranja aliyehongwa. Njia ya pili ilikuwa rahisi zaidi na mbaya zaidi. Yeye ni mwana-Lihumbila. Angesema, "Namkumbuka mpishi," mashine ingeamini, na Mwakalobo angepata muhuri wake bila mtu kubisha. Tatizo ni kwamba hakumkumbuka. Alijaribu. Alifumba macho akasimama tena kwenye foleni, sahani ya bati mkononi, akatazama juu ya ile mikono. Palikuwa na giza. Kwa miaka sita hakuinama hata mara moja aangalie.

Jioni iliyofuata, katika vifungu vya katiba ambavyo hakuna aliyewahi kuvitumia, aliikuta desturi ya Vilivyookotwa. Shuleni, baada ya ripoti, kiranja aliinua kitu kilichookotwa, soksi au kikombe, akauliza, "Cha nani?" Mwenye kitu alipaswa kupaza sauti mbele ya wote, "Changu!" na asiye mwenye nacho akikidai alichapwa. Leodegari alikiweka kifungu hicho kwa ajili ya ukumbusho tu: kitu kisichosajiliwa, kikisomwa mbele ya paredi, chaweza kudaiwa na mwana-Lihumbila yeyote anayekijua kwa kweli.

Aliufuta mpangilio wake wote. Ulifutika upesi, kama kitu kilichokuwa kikingoja ruhusa.

*

Taji la mwana-Lihumbila humvisha mtu mwili anaoukumbuka; la mgeni humwacha alivyo. Ndiyo maana asubuhi ya jubilei uwanja wa Lihumbila ulijaa wavulana wa kaptula za kaki na magoti meusi ya mafuta, nywele zimenyolewa hadi ngozi, mistari imenyooka bweni kwa bweni. Sauti, hata hivyo, hazikubadilika. Wavulana wale walikohoa kizee, wakasalimiana kwa sauti za maaskofu, madaktari na mabwana kilimo. Ombeni Kyando alikuwa amerudi kuwa Njiti kwelikweli, mwembamba kama ufito, na sauti nzito ya jaji ikitoka kifuani humo kama redio iliyofichwa kabatini.

Mwenye ufunguo peke yake hakuvishwa ujana. Mlinzi alipaswa kuonekana alivyo. Leodegari alisimama mbele yao na mvi zake, magoti yakimuuma, waziri na mkewe jukwaani nyuma yake.

"Mhifadhi. Toa hali."

Sauti iliyotoka haikuwa ya mvulana. Ilikuwa sauti tambarare ya mashine. Ikaandika maneno hewani, nyeupe, bila rangi yoyote, naye akayasoma kwa kinywa chake.

"Hali ya Lihumbila tangu muhuri uliopita. Vilivyobadilika: kengele ya reli. Mkaratusi. Vilivyoandaliwa: ngazi za maktaba." Mnong'ono ulipita mistarini, wengine walitazamana wakiitafuta ripoti yao. "Visivyosajiliwa. Nitavisoma kimoja kimoja, kwa desturi ya Vilivyookotwa. Ajuaye, aseme. Asiyejua, anyamaze."

Njiti alimkaribia. "Unafanya nini?" aliuliza akiuma meno.

"Nasoma ripoti, Mheshimiwa. Mlio wa shoka, alfajiri, nyuma ya jiko. Wa nani?"

Upepo ulipeperusha bendera. Kisha, kutoka Bweni la Kaskazini:

"Wangu! Ulikuwa ukiniamsha kabla ya kengele. Nilikuwa nauchukia!"

Kicheko kikapasuka. "Umesajiliwa," alisema Leodegari. "Harufu ya ukoko wa ugali ulioungua. Ya nani?"

"Yangu!" "Yangu!" "Yangu mimi, jamani, kila Alhamisi!" Uwanja mzima uliinua mikono, na mke wa waziri akaficha mdomo kwa mtandio.

"Sufuria kubwa. Ya nani?"

"Yetu! Tulikuwa tukiisikia ikikwaruzwa."

"Mliiona?"

"Hatukuiona, Kiranja. Tuliisikia."

"Basi unasajiliwa mkwaruzo. Sufuria inabaki." Hakupunguza ukali hata kidogo, nao walimpenda kwa hilo, ndivyo alivyokuwa daima. "Moshi."

Moshi ulidaiwa. Kigoda hakikudaiwa. Leodegari alifika mstari wa mwisho.

"Mtu. Anyosisye Mwakalobo, mpishi wa shule. Uso wake, umri wake, goti lake bovu, namna anavyonguruma akisonga ugali. Nani anamjua?"

Mvulana mmoja alianza kuinua mkono, akaushusha. Mwingine akasema kwa sauti ndogo ya kizee, "Mikono yake naijua."

"Mikono ilikwisha sajiliwa. Nauliza mtu."

Mamia ya watu waliolishwa na mtu mmoja walisimama wakitafuta uso vichwani mwao, na hakuna aliyeukuta. Wala hakuna aliyedanganya. Leodegari aliona fahari na uchungu kwa pamoja: shule iliwafunza kutodai kisicho chao, na haikuwafunza kuinama dirishani.

Ndipo alipomwona Tumpe. Alikuwa ametoka upande wa jiko, akikanyaga nyasi za uwanja ambazo mtumishi hakuruhusiwa kuzikanyaga, hata kwa kufupisha njia. Hakuharakisha. Alisimama pale ambapo mwanafunzi husimama anapodai kitu.

"Wangu," alisema.

"Huyu si mwanafunzi!" Sauti ya jaji ilinguruma kutoka kifua chembamba cha Njiti. "Mlinzi, ripoti imekwisha. Piga muhuri. Hiyo ni amri."

"Jina halimo miongoni mwa wanafunzi," Mhifadhi ilithibitisha bila chuki. "Ninahitaji jina la mwana-Lihumbila."

Leodegari alimtazama Tumpe, kisha akawatazama wenzake. Aliujua ukuta uliokuwa mbele yake. Kila tofali lake alilipanga yeye. Hakutafuta mwanya. Alitaka aonekane akiuruka mchana kweupe, na kila mtu ajue ni nani aliyeuruka.

"Andika hivi," alisema, kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia kuita mabweni. "Anayemkumbuka mpishi ni Tumpe Mwakalobo, binti yake. Anayemjua Tumpe ni Leodegari Mgimba. Mimi simjui mzee Mwakalobo, na nisiandikwe kwamba nilimjua. Namjua anayemjua. Yeye na jiko lake lote, sufuria, kigoda na shoka. Kwa ufunguo wangu: piga muhuri."

Mashine haina moyo wa kusita. Ilipiga. Muhuri Mkuu ulipita uwanjani kama kivuli cha wingu, ukagusa mistari, kuta, dirisha, ukaingia mahali ambapo hapakuwahi kuwa na ndani. Kilichobaki kufagiwa hakikuwepo. Tumpe alifunika uso kwa kanga.

Njiti alimkabili Leodegari, mvulana mdogo mbele ya mzee. "Umevunja ibara ya tisa. Mbele ya paredi. Mbele ya waziri."

"Nimeivunja."

"Adhabu yake unaijua."

"Niliiandika mimi, Njiti." Alichomoa ufunguo shingoni, akaupangusa kwa kiganja kama anayerudisha kitu cha kuazima, akaukabidhi kwa mikono miwili. "Wala sikuombi uipunguze."

Njiti aliupokea. Alionekana kutaka kusema neno, lakini paredi ilikuwa ikitazama, na mbele ya paredi mtu halii. Aliinua kidevu. "Mgimba," alisema kwa taabu, "rudi kwenye mstari wako."

Leodegari aligeuka, akatembea kuelekea Bweni la Magharibi. Hatua za kwanza magoti yalimuuma. Kisha hayakuuma tena. Alipotazama chini aliona kaptula ya kaki, na miguu myembamba yenye alama za upupu. Katika mstari wa nyuma palikuwa na nafasi ambayo haikuwahi kujazwa, kwa kuwa tangu shule isimamishwe upya yeye alisimama mbele daima. Aliingia, akanyoosha mikono kwenye mishono ya kaptula, akatazama kisogo cha aliye mbele yake.

Mvulana mfupi wa kulia, aliyekuwa askofu mstaafu, hakugeuza kichwa.

"Umechelewa, Mgimba," alinong'ona.

"Nyamaza," Leodegari alimjibu bila kutikisa mdomo. "Tuko paredi."